Nahesabu nukta, na nikijibu hakuna anayenisikia

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nina leseni ya redio ya ridhaa na lengo langu ni kuwasiliana na vituo vya mbali kwa Morse, si kwa sauti. Vifaa vyangu ni transiva (redio ya kutuma na kupokea) ya wati 100, kibonyezo cha kawaida cha mkono, na antena ya dipoli ya bendi ya mita 40 yenye urefu wa mita 20.3, iliyotundikwa mita 5 juu ya ardhi. SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ni 1.3.

Nina matatizo matatu. La kwanza ni sikio. Herufi zote nilizikariri kwenye jedwali la nukta na vistari, nikaanza mazoezi kwa maneno 5 kwa dakika. Sasa nimefika 8 na nimegota hapo miezi saba. Nachanganya H, S na 5, B na 6, pia L na F.

La pili, nikikijibu kituo kinachoita CQ (wito kwa yeyote anayesikia), hakinisikii, hata kama chenyewe nakisikia kwa nguvu. Nazungusha nobu mpaka mlio wake uwe mwembamba na wa juu, kwa kuwa hivyo ndivyo ninavyousikia vizuri, kisha napiga. Mlio wangu wa kujisikiliza uko 600 Hz kama redio ilivyokuja. Mara chache nilizoita CQ mwenyewe nilijibiwa kwa kasi nisiyoiweza. Mimi hupiga kwa maneno 12.

La tatu, nimenunua kibonyezo cha bapa mbili. Nikibadilisha mipangilio kwa ajili yake, kile cha zamani nikikichomeka tena, redio inatoa mlio mfululizo bila kuguswa.

Wenzangu wananiambia niachane na Morse kwa kuwa siku hizi haitakiwi tena kwenye mtihani wa leseni. Je, inafaa kuendelea?

Msomaji wa bendi ya mita 40

JIBU

Ndugu msomaji wa mita 40,

Endelea. Matatizo yako yote yana sababu zinazojulikana, na mojawapo unaweza kulimaliza leo usiku.

Hilo ni la kutosikika. Redio ikiwa kwenye CW, yaani hali ya Morse, inatuma juu ya masafa ya mwenzako pale tu mlio wake unapolingana na mlio uliowekwa kwenye menyu, ambao ndio huohuo wa kujisikiliza. Wako ni 600 Hz. Wewe unamsogeza mwenzako mpaka awe mwembamba, tuseme 1000 Hz, halafu unapiga. Hapo unatuma Hz 400 pembeni yake. Yeye ameweka chujio la 500 Hz, linalopitisha Hz 250 tu kila upande wa masafa yake. Hata ungetumia wati 1000, kwenye spika zake za masikioni wewe hupo.

Kama sikio lako linapenda mlio wa juu, usimsogeze mwenzako. Badilisha menyu iwe 700 au 750 Hz, na redio itahama pamoja nayo. Kisha zima swichi ya break-in ili kibonyezo kitoe mlio wa kujisikiliza bila kutuma chochote hewani. Shikilia kibonyezo huku kituo kikipiga, na uzungushe nobu polepole. Milio miwili inapokaribiana utasikia wimbi la wa-wa-wa likizidi kupungua kasi, na ikiungana wimbi linatulia. Hapo upo juu yake. Ukikosea kwa Hz 50 hakuna shida. Zoezi hili lifanye chujio likiwa wazi, kisha ulibane hadi 500 Hz. Hakikisha pia RIT imezimwa. RIT iliyosahaulika tangu jana inasogeza upokeaji bila kusogeza utumaji, na dalili zake ni hizohizo unazozieleza.

Ukisharekebisha, jipime bila kumsumbua mtu. Reverse Beacon Network ni mtandao wa vipokezi vya kujitolea duniani vinavyosoma CQ kwa kompyuta na kutangaza papo hapo kwenye intaneti nani amesikika wapi, kwa nguvu gani, masafa gani na kasi gani. Sikiliza kwanza kama masafa yako wazi, piga QRL? (masafa yanatumika?) mara mbili, na kama hakuna jibu piga CQ CQ CQ DE (kutoka kwa), alama yako ya wito mara tatu, kisha K (karibu ujibu). Rudia hivyo mara mbili tatu na utazame ukurasa wao. Ukionekana, redio na antena vinafanya kazi. Usipoonekana kabisa, wala usitangulie kulaumu antena: kompyuta hizo zinahitaji mpigo safi, na nafasi mbovu kati ya herufi zinaifanya alama yako isisomeke.

Antena yenyewe niiseme kwa ufupi. SWR ya 1.3 inaonyesha kwamba redio imeridhika, haionyeshi nguvu inakwenda wapi. Mzigo bandia, kifaa cha majaribio kinachowekwa badala ya antena, nao una SWR nzuri kabisa na haurushi kitu. Kwenye mita 40, kimo cha mita 5 ni moja ya nane ya wimbi, kwa hiyo nguvu nyingi inakwenda juu kichwani na kurudi chini ndani ya kilomita mia chache. Vituo vya mbali vitakusikia, ila kwa unyonge. Dipoli ya pili ya mita 20 ni rahisi kuliko kuinua hiyo uliyo nayo, kwa sababu kwenye bendi hiyo kimo cha mita 10 tu tayari ni nusu ya wimbi, na mionzi inalala chini kuelekea mbali. Gawanya 143 kwa megahezi: kwa 14.060 unapata mita 10.17, yaani mita 5.08 kila upande. Kata mita 5.2 kwanza, pandisha, pima. SWR ikiwa nzuri zaidi chini ya masafa unayoyataka, waya ni mrefu. Kila sentimita 1 unayopunguza kwenye kila upande inapandisha masafa kwa takribani 28 kHz. Waya uliokatwa kupita kiasi unaungwa, lakini kiungo kinaloa maji na kuoza, kwa hiyo punguza kidogokidogo.

Sasa sikio, ambalo ndilo kazi kubwa.

Tazama orodha ya herufi unazochanganya. H ni nukta nne, S tatu, 5 tano. B na 6 zinatofautiana kwa nukta moja. L na F zina nukta tatu na kistari kimoja kila moja, zinapishana kwa mahali kilipokaa. Hayo yote ni makosa ya mtu anayehesabu. Unasikia mlio, unahesabu, unaugeuza kuwa picha ya jedwali, unaitafuta picha, ndipo unaandika. Kwa maneno 8 kwa dakika nukta moja ina milisekunde 150, na safari hiyo ndefu inawezekana. Kwa maneno 12 ni milisekunde 100, kwa 20 ni 60. Hakuna akili inayohesabu hivyo, na ndiyo maana umegota pale pale. Hujafika mwisho wa uwezo wako, umefika mwisho wa njia uliyoichukua.

Ukisikia mtu akisema karibu, huhesabu silabi. Neno linafika zima. Herufi ya Morse nayo ina sauti yake nzima, kwa hiyo acha kuziita nukta na vistari. Ziite di na daa. Q ni daa-daa-di-daa, na unaweza kuiimba. Kwa maneno 20 kwa dakika, S inachukua milisekunde 300, H 420, na 5 inachukua 540. Kwa kasi hiyo zinasikika kama mlipuko mfupi, wa kati na mrefu, na sikio linazitofautisha bila hesabu. Zikipigwa polepole zinavunjika vipande, na vipande ndivyo vinavyokualika uhesabu.

Kwa hiyo anza upya, kwa kasi kubwa. Njia hii inaitwa ya Koch, kutokana na Ludwig Koch, mwanasaikolojia Mjerumani aliyeichunguza katika miaka ya 1930. Unaanza na herufi mbili tu, kwa kawaida K na M, zikipigwa kwa kasi ya maneno 20. Unanakili kwa dakika 5, unasahihisha, na ukipata asilimia 90 unaongeza herufi moja. Usiongeze mbili, hata kama unajisikia hodari. Tovuti ya Learn CW Online inakupa mazoezi haya bure na kukusahihisha yenyewe. Weka kasi ya herufi 20, na kasi ya jumla 8 hadi 10, ili nafasi kati ya herufi ziwe ndefu lakini herufi yenyewe ibaki nzima. Hiyo ndiyo mbinu ya Farnsworth. Sikio likishazoea, punguza nafasi kidogo kidogo. Kasi ya herufi usiishushe kamwe.

Itakuumiza kurudi kwenye K na M wakati alfabeti yote unayo. Vumilia. Unachojifunza sasa si herufi, ni kuacha jedwali, na jedwali litakuita kila siku. Dawa yake ni mwendo: herufi isipokuja papo hapo, acha nafasi tupu na usikilize inayofuata. Ukiikimbilia moja iliyopita, unapoteza tatu zinazokuja. Karatasi yenye mapengo ni ishara nzuri kuliko karatasi iliyojaa makisio.

Fanya dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Saa nzima kwa mkupuo mmoja inachosha sikio, na mazoezi ya sikio lililochoka yanafundisha makosa. Usirudie rekodi ileile, kwa maana utaikariri. Programu ya simu inayosoma Morse iache kabisa wakati wa kujifunza: inasoma vizuri mpigo wa mashine, inashindwa mlio ukififia au mkono ukiyumba, na muda wote huo sikio lako limelala.

Kuhusu kupiga, unapiga kwa maneno 12 na kupokea 8. Opereta mwungwana hujibu kwa kasi aliyoisikia, kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye uliyewaomba 12. Piga kwa kasi unayoweza kupokea, na ukizidiwa piga QRS PSE. Maana yake ni punguza kasi tafadhali, na hakuna aibu ndani yake. Vituo vizuri vinapunguza.

Vipimo vya mpigo ni hivi: daa ni sawa na di tatu, nafasi ndani ya herufi ni di moja, kati ya herufi di tatu, kati ya maneno di saba. Wanaoanza karibu wote hubana nafasi kati ya herufi, na hapo ndipo mpigo unapoharibika zaidi kuliko kwenye urefu wa daa. Kwa kibonyezo cha mkono, egemeza kigasha mezani na upige kwa kifundo cha mkono, si kwa ncha za vidole. Nafasi ya migusano iwe kama unene wa karatasi mbili au tatu. Springi iwe na nguvu ya kukirudisha kibonyezo tu, isikufanye upigane nayo. Kidole kikiuma baada ya dakika kumi, springi imekazwa mno.

Kibonyezo cha bapa mbili ni uamuzi mzuri kwako, kwa sababu redio yenyewe inatengeneza di na daa kwa urefu sahihi, na umakini wote unabaki kwenye nafasi. Mlio mfululizo unaoupata unatokana na plagi. Kibonyezo cha mkono kina plagi ya mono. Ukiichomeka kwenye tundu la stirio, shina lake linagusa pete na ardhi kwa pamoja, na redio inaamini kwamba bapa moja limeshikiliwa. Weka plagi ya stirio kwenye kibonyezo cha zamani, unga waya kwenye ncha na kwenye shina, pete iache tupu, na menyu irudishe kwenye kibonyezo cha mkono kila ukikitumia. Ukiona di za ziada zinajitokeza pale tu unapotuma kwa wati nyingi, na kwa wati 5 hazipo, hilo si kosa la mkono: mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya wa kibonyezo. Zungusha waya huo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, karibu na redio.

Mawasiliano ya kwanza yanatisha kwa sababu mtu anadhani atasikia lolote. Ukweli ni kwamba karibu kila kitu unakijua kabla hakijapigwa. Anayejibu CQ anapiga alama yake mara mbili basi. Mwitaji anarudi na alama zote mbili, anashukuru kwa TNX, halafu UR RST na namba tatu: usomekaji hadi 5, nguvu hadi 9, usafi wa mlio hadi 9. Kisha NAME na jina mara mbili, QTH na mahali mara mbili, HW? yaani umenipokeaje, alama zote mbili, na KN, ambayo inamwalika mwenzake peke yake. Kati ya vipande hivyo linapigwa =, yaani daa-di-di-di-daa. Wewe unarudisha vilevile. Baadaye 73, salamu za heri, na SK ya kufunga. Andika mpangilio huu wote kwenye karatasi, uuweke mbele yako na mapengo ya alama, jina na mahali. Ni vitu vitatu tu usivyovijua. Ukisikia 5NN usishangae, N ni 9 iliyofupishwa.

Ukikosa jina, piga NAME? na ukikosa yote, AGN? Herufi R maana yake nimepokea yote, kwa hiyo usiipige halafu ukauliza upya. Ukikosea mwenyewe, piga di nane au simama kidogo, kisha rudia neno zima.

Wapi pa kuanzia? Zunguka 14.055 na 21.055 MHz, ambazo IARU, muungano wa kimataifa wa redio ya ridhaa, katika Kanda ya 1 (yenye Afrika na Ulaya) imezitenga kuwa vituo vya kukutania kwa Morse ya polepole, au 7.030 na 14.060 wanakozoea kukaa wenye nguvu ndogo. Linganisha kila mara na masharti ya leseni yako. Wikiendi za mashindano ukanda wa chini wa mita 40 na 20 unajaa wapigaji wa maneno 30, na mgeni anakata tamaa. Hamia mita 30, yaani 10.100 hadi 10.150 MHz, ambako hakuna mashindano na kwa kawaida sauti haitumiki. Hata hivyo, saa za mwisho za shindano kubwa usizidharau: vituo vikubwa vimeshawamaliza wote na vinamtamani yeyote mpya, na wanachobadilishana ni 5NN na namba ya kanda peke yake. Sikiliza kituo kimoja mara kumi mpaka alama yake na namba yake uwe nazo kwenye karatasi, ndipo umwite.

Kwa kuwa unatafuta vya mbali, jua kwanza njia iko wazi kuelekea wapi. Shirika la NCDXF na IARU wana minara 18 ya ishara duniani, inayopokezana kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Kila mmoja unachukua sekunde 10, na mzunguko mzima unaisha kwa dakika 3. Unapiga alama yake kwa maneno 22, kisha daa nne ndefu: ya kwanza ikiwa pamoja na alama kwa wati 100, halafu wati 10, wati 1, na wati 0.1. Ukiisikia ile ya mwisho, na mara nyingine utaisikia, wati zako 100 ni nyingi mno kwa njia hiyo.

Kituo adimu kikiitwa na mamia, kitapiga UP. Maana yake kinasikiliza kHz 1 au 2 juu ya pale kinapotuma. Tumia SPLIT: VFO (kidhibiti cha masafa) moja ibaki kwake, nyingine uisogeze juu. Piga alama yako mara moja tu, usikilize. Kumwita palepale anapotuma ndilo kosa linalowaudhi wote, kwa kuwa linamfunika asisikike na yeyote.

Wenzako wana haki kuhusu mtihani: tangu mkutano wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wa mwaka 2003, kila nchi inaamua yenyewe kama itadai Morse. Lakini mawimbi hayakubadilika mwaka huo. Sauti ya SSB, namna ya kawaida ya kutuma sauti kwenye bendi hizi, inahitaji upana wa takribani 2.4 kHz, Morse inahitaji takribani 150 Hz. Nguvu ileile ikibanwa kwenye nafasi nyembamba hivyo inatokeza juu ya kelele pale sauti inapozama. Ndiyo maana wati 5 na waya vinavuka bahari kwa Morse, na kwa mtu mwenye antena ya chini kama wewe faida hiyo ni kubwa kuliko kwa mwenye mnara.

Na ukipata mawasiliano yako ya kwanza, yaandike palepale: alama, masafa, RST ya pande zote, tarehe na saa ya UTC, yaani saa moja ya kimataifa. Hapa tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu. Saa mbili usiku tunayoitamka ni 20:00 ya huko uliko, na bado hujaondoa au kuongeza tofauti ya saa ili ufike UTC. Ukipita usiku wa manane wa UTC, tarehe nayo inabadilika. Logbook of The World, ambayo wengi huitumia kuthibitisha mawasiliano kwa ajili ya DXCC, tuzo inayoanzia kwa kuwasiliana na nchi 100, inakubali tofauti ya dakika 30 tu kati ya daftari lako na la mwenzako. Weka saa ya pili mezani, iwe ya UTC, na usiiguse tena.